Plau, Bomba na Ibada

Wazee wangu, ndugu zangu wa imani zote mliofika, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie imani na mazingira. Naomba niingilie mlango usiotumika sana. Nitazungumzia vitu, hivi vya kawaida tulivyo navyo majumbani na kwenye nyumba zetu za ibada. Ninaamini kwamba vitu hivi vinatulea, na mara nyingi malezi yake yana nguvu kuliko mahubiri yetu.

Nianze na mzozo wa zamani. Mwaka 1967 mwanahistoria wa Marekani, Lynn White, aliandika makala katika jarida la Science akidai kwamba mizizi ya uharibifu wa mazingira imo katika Ukristo wa Magharibi, uliomfundisha mwanadamu kwamba viumbe vyote vipo kwa ajili yake. Makala hayo yalizua moto. Wanatheolojia walijibu, na wengine wanaendelea kujibu hadi leo. Wanaokubaliana na White wanasoma Mwanzo 1:28, pale mwanadamu anapoambiwa aitiishe nchi na kutawala samaki wa baharini na ndege wa angani. Wanaompinga wanasoma sura inayofuata, 2:15, pale anapowekwa bustanini “ailime na kuitunza”. Hata pendekezo la White mwenyewe, kwamba Fransisko wa Asizi awe mtakatifu msimamizi wa wanaojali mazingira, lilitimia mwaka 1979, Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza hivyo.

Lakini katika makala hayohayo kuna jambo ambalo wengi walilipita mbiombio. White alikuwa bingwa wa historia ya zana za Zama za Kati. Anaeleza kwamba wakulima wa Ulaya walikuwa wakitumia plau nyepesi ya kukokotwa na ng'ombe wawili, iliyokwaruza tu udongo, na ardhi iligawanywa kwa kiasi cha kuitosha familia. Kisha kaskazini, kuelekea mwisho wa karne ya 7, ikaanza kutumika plau nzito yenye kisu cha kukata udongo, jembe la kuupasua kwa chini na ubao wa kuupindua. Hiyo ilitaka maksai wanane hivi. Mkulima gani wa kawaida alikuwa na maksai wanane? Wakaanza kuchangiana, na kila mtu akapata ukanda wa shamba kulingana na mchango wake. Ardhi ikaacha kupimwa kwa mahitaji ya familia, ikapimwa kwa uwezo wa chombo.

Lipimeni jambo hilo. Aya za Mwanzo hazikuongezwa wala kupunguzwa herufi. Kilichokuja ni plau, na plau ikampa mtu jibu jipya la swali “Kiasi gani kinanitosha?” bila yeye kujua kwamba amejibiwa. Kwa zaidi ya miaka hamsini tumegombea aya, plau tukaiacha shambani bila kuihoji. Mimi nadhani kazi ya mtu wa imani ni kuhoji vyote viwili.

Sasa tusogee karibu, hadi penye bomba la kutawadhia. Mtu anayetawadha kwa birika ameshika chombo chenye mwisho. Anamimina kidogo kiganjani, anaweka birika chini, anasugua mkono hadi kiwikoni, anainua tena. Birika linavyozidi kuwa jepesi, mkono unajua wenyewe kwamba maji yanakwisha. Huyu hahitaji mtu wa kumkumbusha habari ya israfu, yaani ufujaji. Mpe mtu huyohuyo bomba. Anafungua, na kuanzia hapo maji yanakwenda. Yanakwenda anapotia nia, anapokunja mikono ya shati, anapoitikia salamu ya jirani yake, anapopangusa kichwa. Sehemu kubwa ya maji hayo haijagusa kiungo chochote cha mwili. Bomba lililofunguliwa sawasawa linaweza kumwaga lita sita au zaidi kwa dakika moja. Nayo Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, vitabu viwili vya hadithi za Mtume, zimepokea kwamba Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vikiunganishwa. Haufiki lita moja.

Kuna pia hadithi aliyoipokea Ibn Majah, ambayo wanazuoni wamejadili nguvu ya sanadi yake, yaani mlolongo wa walioipokea, ingawa maana yake haina mgogoro. Mtume alimpita sahaba wake Saad akitawadha, akamuuliza kuhusu ule ufujaji. Saad akashangaa, hata kwenye udhu kuna israfu? Akajibiwa kwamba ndiyo, hata kama uko kwenye mto unaotiririka. Angalieni vizuri mfano huo wa mto. Mtoni maji hayapungui kwa sababu yako, na huna wa kumnyima. Kwa hiyo hoja haikuwa upungufu. Mkono unaozoea kumwaga mtoni utamwaga popote, na mazoea ya mkono hayaachwi nje mtu anapoingia kuswali.

Ninasisitiza kwamba huyu aliye bombani si mtu mbaya. Anaamini kwa dhati kwamba maji ni neema. Ukimwuliza atakusomea dalili za maandiko. Lakini imani yake iko kichwani, na bomba liko mkononi, tena mara tano kwa siku. Ndiyo maana semina moja ya mazingira kwa mwaka haimbadilishi.

Jokofu nalo lina somo lake. Katika Kutoka sura ya 16 Waisraeli wanapewa mana jangwani. Kila mtu anaokota mahitaji ya siku. Aliyeokota kingi hakubakiwa na ziada, aliyeokota kidogo hakupungukiwa, na waliokilaza hadi asubuhi walikuta kimeingia mabuu na kunuka, isipokuwa kile cha kuamkia Sabato. Chakula chenyewe kilikuwa mwalimu. Kiliwafundisha kwamba kesho ina mwenyewe. Jokofu limeifuta sheria hiyo, na mimi silisemi vibaya, kwa sababu limeokoa maisha kwa kuhifadhi chanjo na dawa, na limewapunguzia watu kazi nyingi. Lakini lina athari nyingine. Palipokuwa hapana pa kukilaza chakula, kilichozidi kilikuwa na njia moja ya heshima, nayo ni kumpa mtu mwingine kabla hakijaharibika. Siku hizi kinafunikwa, kinasukumwa nyuma ya rafu, kinasahauliwa, kinatupwa wiki inayofuata kikiwa hakifai kwa mtu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula madukani, kwenye mahoteli na majumbani, na asilimia 60 ya hicho kilitoka majumbani. Si kwenye mahoteli. Majumbani, kwa watu kama sisi tunaoomba riziki kila siku.

Vitu vingine madhara yake yako mbali na macho. Bahari ya Aral, kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, ilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani. Kuanzia miaka ya 1960 serikali ya Kisovieti ilichepusha maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya kumwagilia mashamba, hasa ya pamba. Ziwa likarudi nyuma. Mji wa Moynaq, uliokuwa bandari ya wavuvi, ukajikuta katikati ya jangwa, meli zimekaa mchangani zikiliwa na kutu, na upepo ukibeba vumbi lenye chumvi na mabaki ya dawa za mashambani hadi kwenye vifua vya watoto. Mwaka 2014 bonde la mashariki la sehemu ya kusini lilikauka kabisa. Waliovaa ile pamba hawakuliona ziwa hilo. Shati halisemi limetoka wapi. Upande wa kaskazini, bwawa la Kok-Aral lililokamilika mwaka 2005 lilirudisha maji, na samaki wakarudi pamoja na wavuvi. Kwa hiyo kuharibu si lazima kuwe kwa milele, ila sehemu kubwa ya ziwa lile haijarudi.

Tuseme ukweli pia, lawama zote si za mnunuzi. Mwaka 1924 kampuni kubwa za taa za umeme zilikutana Geneva zikaunda umoja, na umoja huo ukaweka kikomo kwamba balbu iwake saa 1,000. Kiwanda ambacho balbu zake zilidumu mno kilipigwa faini. Balbu ikiwa imeundwa ife mapema, mwenye nyumba atarudi dukani hata awe mcha Mungu kiasi gani. Viongozi wa dini wanaomhubiria mnunuzi peke yake wamechagua lililo rahisi.

Na kuna wanaosema kwamba basi dini inatutaka tuwe maskini. Hapa sitaki kumung'unya maneno. Kumsifia ufukara mtu asiye na paa, huku anayesifu amelala pazuri, ni dhuluma iliyovishwa joho la ucha Mungu. Qur'ani 7:31 inasema kuleni na kunyweni wala msifanye israfu, na aya inayofuata papo hapo inauliza ni nani aliyeharamisha pambo la Mwenyezi Mungu na riziki njema alizowatolea waja wake. Aya hizo mbili zimewekwa bega kwa bega. Yesu naye, katika Luka 12:15, hasemi vitu ni najisi. Anasema “uzima wa mtu haumo katika wingi wa vitu vyake alivyo navyo”, kisha anatoa mfano wa tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana. Tazameni tajiri yule aliwaza nini. Hakuwaza watu. Aliwaza ghala. Wingi wa mavuno ulimpa fikra ya ujenzi, na usiku uleule roho yake ikatakwa.

Ndiyo maana dini hazikuishia kwenye maneno. Ziliweka utaratibu wa mikono. Sheria ya Kiyahudi ina vitu ambavyo siku ya Sabato havisogezwi kabisa kutoka mahali vilipo, na Torati inataka ardhi ilale mwaka wa saba, maskini wale, na watakachobakiza wale wanyama wa porini. Wanyama wametajwa wazi kwamba wana fungu lao! Uislamu ukaweka mwaka: mali iliyofika kiwango, kama dhahabu, fedha au bidhaa, ikipitiwa na mwaka mkononi mwako ina haki ya mtu mwingine. Vitu vya matumizi ya nyumbani havitolewi zakati, lakini swali lake tunaweza kuliazima. Kitu kipi kabatini kimepitiwa na mwaka bila kuguswa, na kingemfaa nani?

Hapo ndipo ninapotaka tuanzie kazi, na nina maneno kwa wajumbe wa kamati za ujenzi waliomo humu ndani. Ninyi ndio mnaoamua waumini watashika nini. Mnapokarabati sehemu za kutawadhia, wekeni bomba za kubonyeza zinazojifunga zenyewe, au rudisheni birika kwa anayetaka. Maji ya udhu hayana mafuta, na mahali pasipotumika sabuni yanaweza kuelekezwa moja kwa moja kwenye mashimo ya miti badala ya kwenda chooni. Kwenye sherehe zetu, mpangeni mtu wa kugawa chakula kilichobaki kabla wageni hawajaondoka, na jina lake liandikwe kwenye ratiba kama linavyoandikwa la msoma risala. Mkinunua taa au viti, mwulizeni muuzaji kama vinatengenezeka vikiharibika, na asipokuwa na jibu mtafuteni mwingine.

Naishia hapa ili tupate muda wa maswali. Ningependa tuanze na hao wajumbe wa kamati, kwa sababu wao ndio wanaojua gharama na vikwazo.