Kabla ya Kununua Mbolea, Ng'oa Mche Mmoja

(Mhadhara kwa wakulima wa vivungulio, zile nyumba za nailoni za kulimia, waliokutana Bahati, Kaunti ya Nakuru)

Hamjambo wazee wetu, akina mama na vijana. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu asubuhi hii. Niliomba kila mmoja aje na mche mmoja mgonjwa, ukiwa na mizizi yake na udongo wake, na naona meza ya pale nyuma imejaa. Tutaifikia. Kwanza nipeni muda nieleze kwa nini niliomba mizizi, kwa maana wengi wenu mmeleta majani peke yake mkononi, na jani peke yake ni nusu ya habari.

Nianze na la kwangu. Mwaka wangu wa pili wa kulima hoho ndani ya kivungulio, kule Rongai, nilikuwa na miche 400. Wiki ya tano majani ya juu, yale machanga, yakaanza kufifia. Nikakata jani moja, nikalipeleka duka la pembejeo. Muuzaji akalitazama kidogo akasema, "Hiyo ni njaa, weka CAN." Nikaweka mbolea hiyo ya naitrojeni. Wiki moja baadaye ncha za juu zilikuwa zimekaribia kuwa nyeupe. Nikarudi, nikaambiwa niongeze. Nikaongeza. Sasa kingo za majani zikaanza kuungua, zikawa kahawia na kukauka kama karatasi iliyopitiwa na moto. Kufikia wiki ya tisa nilikuwa nimepoteza zaidi ya nusu ya shamba, na pesa za karo ya muhula zilikuwa zimezikwa pale kwenye matuta. Siwezi kumlaumu muuzaji peke yake. Yeye alionyeshwa jani. Hakuonyeshwa maji niliyokuwa nikimwagilia, wala mzizi.

Maji yale nilikuja kuyapima baadaye. Kipimo cha pH, kile cha uchachu na magadi, kilisoma 8.4; 7 ndiyo katikati, chini yake ni uchachu, juu yake ni magadi.

Sasa tuelewane kuhusu jani. Mmea unapokosa chakula hufanya kama mama wa nyumbani wakati wa njaa: hujinyima yeye ili watoto wale. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu ni vyakula ambavyo mmea unaweza kuvitoa kwenye jani la zamani ukavipeleka kwenye jani jipya. Kwa hiyo vikipungua, jani la chini ndilo linaloumia kwanza. Naitrojeni ikipungua, jani la chini huwa njano lote, mishipa pamoja na nyama yake, na mmea mzima hudumaa ukawa mwembamba. Magnesiamu ikipungua, bado ni jani la chini, lakini mishipa hubaki kijani na njano hujaa katikati yake. Magnesiamu ndiyo iliyo kitovuni mwa klorofili, ile rangi ya kijani yenyewe, kwa hiyo mmea unapoivunja klorofili ya chini ili ulishe juu, lazima njano itokee.

Chuma ni tofauti. Chuma kikishaingia kwenye jani, hakihami kwa urahisi. Jani la zamani likiwa nacho, litabaki nacho, hata kama mtoto wa juu analia. Kwa hiyo upungufu wa chuma huonekana kileleni: jani changa njano, mishipa myembamba ya kijani kama ramani ya mito, na hali ikizidi jani linakuwa jeupe. Kalsiamu, manganizi na boroni nazo ni za juu. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya mmea wenye njano ni hili: imeanzia chini au imeanzia juu? Hoho zangu zilianzia juu. Zilikuwa zinaniambia chuma, nami nikawa naziwekea naitrojeni.

Na hapa ndipo penye jambo lililonileta. Udongo wetu una chuma. Ule wekundu mnaouona kwenye barabara zetu za vijijini ni rangi ya chuma. Mmea unakosa kile ambacho umekikalia. Kwa nini? Kwa sababu ya magadi.

Sisi watu wa Bonde la Ufa tunayajua magadi. Ziwa Nakuru liko pale chini, na ndege wale wa waridi huishi kwa vijimea vinavyopenda maji ya aina ile. Maji mengi ya visima virefu vya huku yamepita kwenye miamba ya volkeno yakachukua sodiamu na bikaboneti, na mara nyingi floraidi pia. Watoto wetu wengi wana meno yenye madoa ya kahawia kwa sababu ya floraidi hiyo. Nalisema kwa heshima, maana ni jambo linalowaumiza vijana wetu. Lakini ukiwa mkulima na umeona meno ya namna hiyo kwa watu waliokulia kwenye kisima fulani, una sababu ya kuyapima maji yale kabla ya kuyaunganisha na mipira ya matone.

Chuma huyeyuka vizuri penye uchachu kidogo. pH ikipanda kupita 7, chuma hugeuka kuwa kama kutu ambayo mzizi hauwezi kuinywa. Na kipimo cha pH hakipandi kama ngazi ya kawaida: kutoka 6 hadi 7 ni mara 10, kutoka 6 hadi 8 ni mara 100. Nyanya na hoho hupenda udongo wa pH kati ya 6 na 6.8. Ukilima kwenye mifuko ya maganda ya nazi au pumisi, yale mawe mepesi ya volkeno, shuka kidogo, kati ya 5.5 na 6.5. Kila siku unayomwagilia maji ya magadi unausukuma udongo wako juu, kidogo kidogo. Ndani ya kivungulio hakuna mvua ya kuusafisha. Shamba la nje husamehewa kila masika, lakini kivungulio kinaweka kumbukumbu ya kila ndoo.

Mbolea yangu ya CAN nayo ilifanya nini? Kwanza, CAN ina chokaa ndani yake. Chokaa ni nzuri sana kwa shamba lenye uchachu, na mahindi ya wengi wenu yanaishukuru. Mimi nilikuwa naiweka juu ya magadi. Pili, mbolea ya madukani ni chumvi. Akina mama mnajua mkitia chumvi kwenye kachumbari, baada ya muda mfupi nyanya zimetoa maji bakulini. Ndivyo inavyotokea mzizini. Chumvi ikizidi kwenye udongo, mzizi unashindwa kuvuta maji ingawa udongo umelowa, na jani linaungua kuanzia kingoni. Zile kingo za kahawia zilikuwa kazi ya mkono wangu.

Naona mzee ameinua mkono. Anauliza: je, tuache visima? Hapana, mzee. Hatuna anasa hiyo. Lakini tuyachanganye maji yake na ya mvua. Kivungulio cha mita 8 kwa 15 kina paa la mita za mraba 120. Mvua ya milimita 10 tu ikilinyeshea, hizo ni lita 1,200 zinazoanguka juu ya nailoni yako. Ondoa za kumwagika na kuvuja, bado ni mapipa. Weka mfereji wa bati kila upande, peleka kwenye tangi. Maji ya mvua nusu na ya kisima nusu, umepunguza magadi karibu kwa nusu, na hujamlipa mtu. Nawashangaa wanaojenga kivungulio cha pesa nyingi halafu wanaacha mvua ya paa lake ichimbe mtaro mlangoni.

Wenye mashamba makubwa hutia asidi ya naitriki au ya fosfori kwenye tangi. Inafanya kazi, lakini si ya kuchezea: glavu, miwani, na asidi ndiyo imiminwe ndani ya maji, kamwe maji yasimiminwe ndani ya asidi, kwa sababu yanaweza kuchemka papo hapo yakakurukia usoni. Kwa mwenye ndoo chache, siki itashusha pH kwa muda, kisha vijidudu vya udongo huila ikaisha. Na kama lazima uweke naitrojeni kwenye udongo wa magadi, salfeti ya amonia huuvuta udongo kuelekea uchachu, CAN haifanyi hivyo.

Chuma cha kutia udongoni au kunyunyizia majani nacho kiko madukani, kile kilichofungwa kisigeuke kuwa kutu. Soma lebo. Kilichofungwa kwa kemikali iitwayo EDTA huanza kuachia pH ikipita 6.5 hivi, kwa hiyo kwenye udongo wetu wa magadi ni pesa ya kumwaga. DTPA huvumilia hadi karibu 7.5. EDDHA ndicho kinachostahimili udongo wenye magadi, na bei yake ni ya juu. Kabla hujanunua kopo zima, omba kidogo, changanya, paka tawi moja tu. Funga uzi kwenye tawi hilo. Ngoja siku saba. Likianza kijani na jirani yake bado ni njano, umepata jibu. Hata magnesiamu ijaribuni hivyo hivyo, gramu 10 za chumvi ya Epsom kwa lita moja ya maji, kwenye majani ya chini ya mmea mmoja. Na msitazamie jani lililokwisha kuharibika lirudi kama zamani. Tazameni majani mapya yanayozaliwa.

Sasa mizizi. Mtu akiona mmea umenyong'onyea na majani ya chini njano, mkono unakimbilia bomba. Mzizi unapumua, ndugu zangu. Udongo ukijaa maji siku nzima, hewa inatoka, mzizi unakufa kwa kukosa pumzi, na mmea uliosimama majini unaonyesha dalili za kiu. Mzizi wenye afya ni mweupe, unavutika bila kukatika ovyo. Mzizi uliooza ni kahawia, unachubuka ganda likibaki vidoleni, na una harufu ya matope ya bwawa. Ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Kama bado kuna ubichi, usimwagilie, hata kama ratiba yako inasema leo ni zamu.

Ukikuta mizizi ina vinundu kama shanga, hao ni minyoo ya mizizi. Vinundu vya maharagwe ni vya heri, vimeshikilia pembeni na hung'oka ukivisugua. Vya minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, having'oki. Mmea wa hivyo utakuwa njano na mdumavu hata ukiulisha kwa kijiko cha dhahabu. Badilisha zao, usihamishe udongo huo kwa jembe lisilooshwa, na usinunue miche bila kuitazama mizizi.

Wadudu nitawapitia haraka, maana mnawajua. Geuza jani. Vitone vidogo vya njano juu na utando mwembamba chini ni utitiri, hasa Januari na Februari vumbi likiwa jingi na joto kali. Jani la nyanya la juu likijikunja kama kikombe, kingo njano, mmea umekataa kurefuka, na inzi weupe wanaruka ukiutikisa, hicho ni kirusi cha nyanya. Hakina dawa. Ng'oa mmea huo ukiwa ndani ya mfuko, utoe nje, kisha pambana na inzi.

Juni na Julai, baridi yetu ikiingia usiku, mtaona miche yenye rangi ya zambarau chini ya jani na isiyokua. Hiyo ni dalili ya fosforasi, lakini mara nyingi fosforasi ipo, ila mzizi umepoa hauwezi kuivuta. Kuongeza DAP, mbolea ya fosforasi, hakusaidii. Shusha mapazia jioni mapema, mwagilia asubuhi jua likishapanda badala ya jioni, na subiri.

Na neno moja kuhusu maranda. Wengi mnayatoa Elburgon kwenye viwanda vya mbao kwa sababu ni bei nafuu, mnajazia mifuko ya miche. Maranda mabichi yanapooza, vijidudu vinavyoyala vinahitaji naitrojeni, navyo vinaichukua kabla ya mche. Miche inatoka njano yote, kuanzia chini. Yaozesheni kwanza na samadi, miezi kadhaa, mpaka yawe meusi na yasinuke ubichi. Samadi yenyewe isiwe mbichi, itaunguza.

Mkitaka uhakika wa udongo, maabara za KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, hupima. Ada yake si ndogo kwa mkulima wa kawaida, nalijua hilo. Lakini niliyotupa kwenye CAN ile ingelipia vipimo zaidi ya kimoja.

Watu huniambia, "Kung'oa mche mzima ni hasara." Una miche 400. Mmoja uliofia mezani ukakuonyesha mzizi wake umekulipa kuliko 200 iliyofia shambani bila kukuambia kitu.

Basi twendeni mezani. Chukueni ndoo ile ya maji safi, tuoshe mizizi polepole, msiikwangue. Nitaanza na hoho za mama aliyetoka Njoro. Amenieleza njano ilianzia juu, na amekuja na maji ya kisima chake kwenye chupa ya soda. Karatasi ya kupimia hii hapa. Mama, mimina kidogo kwenye kifuniko.