Mbu si Sindano

Safari ya kimelea cha malaria mliisoma shuleni, sitaianza upya. Ugomvi wangu ni ule ule: acheni kumchora mbu kama sindano inayotoa kitu kwa mgonjwa na kumdunga jirani. Angekuwa sindano, hata Ukimwi angeusambaza, na hausambazi. Mbu jike ni mwenyeji, na mwenyeji huyu hamtaki mgeni.

Damu ikifika tumboni mwa mbu, kimelea kinahisi joto limeshuka. Kwa robo saa tu, chembe dume moja ya kimelea inatoa mbegu nane zenye mikia, zinatafuta chembe jike ya kimelea. Zikishakutana, kesho yake kimelea kimekuwa kama mnyoo mdogo, kinatoboa ukuta wa utumbo. Hapo ndipo kinapochinjwa: protini ya TEP1 iliyo katika damu ya mbu inakiganda na kukitia alama ya kuuawa. Ukitaka kuona vimelea vilivyopona, ngoja siku ya nane, vikiwa vimegeuka vifuko kwenye ukuta wa utumbo. Mlaze mbu kwenye tone la maji ya chumvi, shika pingili za mwisho za tumbo kwa ncha ya sindano (hiyo ndiyo sindano pekee ninayoikubali), uvute polepole. Ukiwa na pupa utumbo unakatika. Utie rangi ya mercurochrome, utazame kwa darubini. Mbu wa majumbani mara nyingi utamkuta na vifuko viwili, vitatu, basi.

Kimelea nacho kina hila. Kinavaa protini ya Pfs47 ili kinga isikitambue, ila vazi hilo limekatwa kwa kipimo cha mbu wa kwao. Falciparum, kimelea cha malaria, ya Afrika ukiitia ndani ya mbu Anopheles albimanus wa Amerika, vimelea vingi vinauawa.

“Mbona mbu wetu hajawa sugu kabisa dhidi ya kimelea?” Najua mnaliwazia hilo. Kwanza, wengi wao hawakutani na kimelea maishani. Pili, kinga inakula nguvu ambayo ingetunga mayai. Halafu mbu hufa mapema. Kimelea kinahitaji kama siku 12 kufika kwenye tezi za mate. Mbu 100 walioambukizwa, wakisalimika 90 katika kila 100 kwa siku, siku ya 12 wamebaki 28. Neti ikishusha 90 hiyo iwe 80, wanabaki 7. Saba! Na bado kuna mtu hapo Ahero, karibu na Kisumu, amefungia miche kwa neti.

Naona naonyeshwa saa. Microsporidia MB, basi, kwa haraka: ni kijidudu jamaa wa kuvu, anaishi ndani ya mbu Anopheles arabiensis wa huku kandokando ya Ziwa Victoria, mama humrithisha watoto kupitia mayai, na utafiti wa 2020 ulionyesha anakizuia kimelea. Mengine tuulizane kwenye chai.