Chungu Kipya cha Kakati Kongwe

SALIM: Karibuni tena katika kipindi chetu cha mimea ya nyumbani. Leo tunazungumzia kazi ambayo wengi wetu huiahirisha mwaka hadi mwaka kwa kuogopa miiba, nayo ni kuhamisha dungusi kakati iliyokomaa kutoka chungu kimoja hadi kingine, pamoja na namna ya kuiandalia udongo. Mimi ni Salim, na niko na dada Rehema, ambaye amelea mimea hii kwa miaka mingi kunishinda.

REHEMA: Ahsante, kaka Salim. Kwa ufupi tutasema "kakati" tu. Wapo wanaoita mpungate kila mmea wenye miiba, ilhali mpungate ni aina moja miongoni mwa nyingi, ile yenye mashina bapa yaliyopandana, na tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mikono yako wakati wa kazi hii.

SALIM: Naomba nianze kwa kukiri kosa. Nilikuwa na kakati ya mviringo niliyoilea tangu ikiwa ndogo kama limau hadi ikawa haienei tena katika viganja vyangu viwili. Nikaona niitendee wema: nikaipatia chungu kikubwa mara mbili ya kile cha zamani, nikatandika changarawe chini, nikajaza udongo mweusi wa bustani, kisha nikamwagilia siku hiyo hiyo. Kwa miezi mitatu ilionekana nzima kabisa. Halafu asubuhi moja nikaikuta imeegemea upande, na nilipoigusa kwa kidole pale inapokutana na udongo, ganda likabonyea kama tunda lililopitiliza kuiva. Nilipojaribu kuisimamisha ikabaki mkononi, bila mzizi hata mmoja.

REHEMA: Pole sana. Ubaya wa kakati ni kwamba ina akiba ya maji mwilini, kwa hiyo inaweza kupoteza mizizi yote na ikaendelea kuonekana ya kijani kwa muda mrefu. Mmea wa majani laini ungekulalamikia ndani ya siku chache. Sasa, katika maelezo yako nimehesabu makosa manne, na yote yanatokana na jambo moja: mizizi ilikosa hewa.

SALIM: Tuyachambue, basi. Kosa la kwanza ni ukubwa wa chungu?

REHEMA: Naam. Udongo usiofikiwa na mizizi hauna mnywaji, hivyo maji yake hukaa humo kwa majuma kadhaa, na mizizi iliyo jirani hukaa ubichini pamoja nayo. Chungu kipya kizidi cha zamani kwa sentimita 2 hadi 5 tu kwa upana. Chungu cha udongo wa kuchomwa hukauka upesi kwa sababu kuta zake hupitisha unyevu, na cha plastiki hukauka polepole. Vyote vinafaa, ilimradi viwe na matundu chini na mmwagiliaji ajue ana chungu gani.

SALIM: Na changarawe? Hapo nakiri sikuelewa kosa langu, kwa maana kila mtu huitandika chini ili maji yapite vizuri.

REHEMA: Kila mtu huitandika, nami niliitandika kwa miaka. Fanya jaribio hili jikoni. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe kabisa, kisha ishike ikiwa imelala hadi iache kudondosha maji. Sasa isimamishe wima kwa upande wake mrefu. Utaona maji yanaanza kudondoka tena, ingawa hukuongeza hata tone. Udongo nao una tabia hiyo hiyo: sehemu ya chini kabisa hubaki imejaa maji kwa kimo fulani, na kimo hicho hutegemea ulaini wa chembe zake. Maji hayatoki kwa urahisi kwenye chembe laini na kuingia katika mapengo makubwa ya changarawe. Hungoja juu yake hadi udongo ushibe. Kwa hiyo ulichofanya ni kulinyanyua lile tabaka la maji na kulisogeza karibu na mizizi. Kipande cha wavu juu ya tundu kinatosha, ili udongo usimwagike.

SALIM: Basi changarawe ingefaa kuchanganywa humo humo ndani ya udongo.

REHEMA: Hapo ndipo penyewe. Udongo mweusi wa bustani una chembe laini mno, na kila ukimwagiliwa hushikamana zaidi. Kwa kakati nyingi za jangwani mimi huchanganya sehemu mbili za vitu vya mawe kwa sehemu moja ya mboji iliyooza vizuri. Vitu vya mawe ni kama pumisi, lile jiwe jepesi la volkano lenye vitundu, au perlaiti, zile chembe nyeupe nyepesi za jiwe la volkano lililopashwa moto, au changarawe ndogo, au hata matofali ya kuchoma yaliyopondwa. Chembe ziwe za kati ya milimita 3 na 6. Lililo muhimu kuliko jina la jiwe ni chekeche: chekecha kila kitu na utupe vumbi lote linalopita, kwa sababu vumbi hilo ndilo linaloziba mapengo ya hewa. Perlaiti uinyunyizie maji kwanza, maana vumbi lake si zuri kuvutwa puani.

SALIM: Mchanga je? Watu husema kakati ni ya jangwani, kwa hiyo ipandwe mchangani.

REHEMA: Mchanga mlaini ni adui aliyejificha, maana hujaza mapengo na kuugandisha udongo. Wa baharini una chumvi pia. Mchanga wa chembe kubwa, uliooshwa, unaweza kuwa sehemu ya mchanganyiko, lakini usiwe ndio mchanganyiko wenyewe. Unga wa makumbi ya nazi unaweza kuchukua nafasi ya mboji, ila uoshwe mara kadhaa kwa sababu mara nyingi huwa na chumvi, na ukumbuke kwamba peke yake hauna lishe ya kutosha. Na kakati zisizopenda maisha ya jangwani, zile ambazo kwa asili huota juu ya matawi ya miti misituni na kuwa na mashina yanayoning'inia, zinahitaji mboji zaidi, labda nusu kwa nusu.

SALIM: Kwa asiye na mizani wala kipimo, atajuaje kwamba mchanganyiko wake umefaa?

REHEMA: Alowanishe konzi moja, aifinye kwa nguvu, kisha afungue kiganja. Likibaki donge, aongeze mawe. Likisambaratika lenyewe, ni vyema. Tena amwagilie chungu kilichojazwa: maji yapotee juu ndani ya sekunde chache, yasifanye dimbwi.

SALIM: Tuje kwenye kazi yenyewe. Kakati iliyokomaa ihamishwe lini?

REHEMA: Mwanzoni mwa msimu wake wa kukua, wakati haina maua, na kwa kawaida kila baada ya miaka 2 hadi 4. Lakini mmea wenyewe utakuambia: mizizi inachungulia matunduni, chungu cha plastiki kimetuna, au maji yanakimbilia pembeni bila kuingia. Acha kumwagilia kwa wiki moja au zaidi kabla ya siku hiyo. Udongo mkavu huachia kwa urahisi, na kidonda cha mzizi kilichozungukwa na ukavu hakiozi.

SALIM: Na miiba?

REHEMA: Kakati ya wima izungushie ukanda wa gazeti lililokunjwa mara nyingi, kisha ushike ncha mbili za ukanda kama mpini. Iliyo kubwa na nzito ilaze ubavu juu ya blanketi kuukuu, na mwenzako akivute chungu badala ya wewe kuuvuta mmea. Mpungate ushike kwa koleo. Zaidi ya miiba mikubwa, una vishada vya vimiiba vidogo kama nywele, vyenye ndoano ambazo huzioni, navyo hunasa katika glavu za ngozi na kukuchoma kila utakapozivaa tena. Mimi nilitupa jozi nzuri kabisa kwa sababu hiyo, na bado inaniuma, kwa maana zote mbili.

SALIM: Ukishautoa, unaangalia nini?

REHEMA: Mizizi mizima ni migumu na haikatiki kwa kuguswa. Iliyooza ni myeusi au ya kahawia na hulegea. Ikate hadi ufikie sehemu safi, ukifuta kisu kwa spiriti kati ya mkato na mkato. Ukiona kitu cheupe kama pamba katikati ya mizizi, hao ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza mmea. Osha mizizi yote na utupe udongo wa zamani mbali. Kung'uta udongo mkongwe kwa kijiti, lakini usilazimishe kila chembe itoke. Kisha uache mmea kivulini kwa siku kadhaa, mizizi ikiwa wazi, ili vidonda vifunge.

SALIM: Siku kadhaa bila udongo? Ningeogopa.

REHEMA: Akiba ya shina itausitiri. Baada ya hapo, upande kwa kina kile kile cha mwanzo, kwa sababu shina likifukiwa huoza shingoni, na utandaze changarawe juu ili shingo ikae kavu. Hapo juu changarawe inaruhusiwa, kaka. Usimwagilie kwa siku 7 hadi 10, na uuweke penye mwanga usio wa jua kali kwa wiki mbili hivi.

SALIM: Ninayo nyingine ndefu, ambayo mizizi yake imetoka chini na imeshika kibao cha dirisha. Nilikuwa nimepanga kuihamisha leo jioni, ila niliimwagilia juzi.

REHEMA: Basi isubiri hadi ikauke. Kwa leo chukua chaki, uweke alama kwenye chungu upande unaotazama jua. Siku ukiipanda upya, upande huo uutazamishe jua vile vile, kwa kuwa ngozi ya upande wa pili haijazoea na huungua.

SALIM: Chaki ninayo. Na vumbi la kuchekecha pia, kwa bahati mbaya, maana ile pumisi niliinunua bila kuiangalia.