Michi miwili, vidole viwili

Baba zetu, mama zetu, wadogo zangu, asanteni kwa kuja hapa Kamalondo, Lubumbashi, na mvua hii.

Nianze na nkambo wangu, mama mzaa mama. Alikuwa mtu wa Bunkeya, na ule wimbo ninaopiga kwenye arusi zenu yeye aliuimba akitwanga mahindi. Nilipoutia kwenye gitaa mara ya kwanza niliupiga polepole, kwa unyenyekevu, kama niko kanisani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Baba, hapo mahindi hayatwangiki."

Nikarudi kinuni. Wanawake wawili, kinu kimoja: mchi huu ukipanda, ule unashuka, na sauti inapita katikati, haidondoki pamoja na mchi. Nilikaa pale mchana mzima. Jioni nikashika gitaa, gumba likawa mchi wa kwanza, kidole cha shahada kikawa wa pili, na wimbo ukasimama.

Vidole hivyo viwili ndivyo alivyopigia Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akipiga wimbo wake "Masanga": gitaa moja, na unaweza kuapa wamekaa watu wawili. Yeye na mpiga gitaa mwenzake Édouard Masengo walifika hadi Nairobi, na wapigaji wa kule wakajifunza kwao. Leo kuna wageni wanaoipiga "Masanga" noti kwa noti kama ilivyotoka siku ile. Nawapongeza kwa bidii. Lakini Bosco mwenyewe alipoirekodi tena miaka ya baadaye hakuirudia vilevile. Aliongeza, alipunguza, aligeuza. Ajali ya gari ilituondolea mzee huyu mwaka 1990.

Kwa hiyo wanaponiambia naharibu nyimbo za wazee kwa kuzitungia beti mpya, nawasikiliza kwa heshima, lakini sikubali. Vijana wengi wa Katuba na Ruashi hawasikii Kisanga, lugha ya nkambo wangu. Mimi kiitikio nakiacha katika lugha hiyo, neno kwa neno, na beti naziimba kwa Kiswahili chetu, juu ya mambo tunayoishi nayo.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyoonekana. Kisanga kina toni: ukipandisha sauti mahali pa kushusha, umesema neno lingine. Ndiyo maana wimbo wa zamani unapanda na kushuka vile. Maneno ndiyo yaliyouchonga. Kiswahili hakina toni, kina mkazo, na mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Nilitunga ubeti juu ya mama wa makala, yaani muuza makaa, wa barabara ya Kasenga, anayeamka gizani kungoja baiskeli zinazotoka porini na magunia. Nikaujaza maneno mazuri, yote ya kweli, na wimbo ukagoma. Gumba lilikuwa linaangukia silabi dhaifu. Mzee mmoja jirani yangu akanambia nikate, nikakata wiki nzima, ukabaki mstari huu:

Makala yamefika, maji bado.

Sikilizeni gumba linapoangukia: ka, fi, ma, ba. Hapo mahindi yanatwangika. Na mama mwenyewe nilipomwimbia pale kando ya magunia yake, aliuitikia kabla sijamaliza, kwa Kisanga, kiitikio ambacho sikuwa nimemfundisha. Mama yake alikuwa akikiimba. Nilishindwa kuendelea kupiga.

Leo nimekuja na wimbo wote, beti nne, ya nne nimeimaliza juzi. Nabana gitaa hapa shingoni kwa kipande cha penseli na mpira wa baiskeli, ili sauti ipande ifikie koo la akina mama. Nahitaji chupa tupu ya soda na kijiko. Nani atanipigia? Mama, asante, sogea karibu. Anza wewe, mimi nitaingia nyuma yako.