Mfuniko wa Tangi

BARAKA: Karibuni tena. Zuhura, Jumanne vani imenizimikia.

ZUHURA: Tena?

BARAKA: Mara ya tatu mwezi huu. Nimeendesha kama dakika 40, jua la utosi, napanda mlima nyuma ya lori. Mara kimya. Usukani ukawa mzito kama umefungwa kamba. Breki nikaikanyaga mara moja tu, maana injini ikizima akiba ya kusaidia mguu haidumu. Nikaiserereshea kando.

ZUHURA: Pole sana, kaka. Watoto walikuwemo?

BARAKA: Wote wawili. Nikapiga stata, injini inazunguka vizuri, haishiki. Nikawatoa watoto, nikaweka pembetatu nyuma, nikaenda kufungua mfuniko wa tangi. Fyuuu! Nikafunga, nikapiga stata, ikawaka papo hapo.

ZUHURA: Tangu izime hadi iwake, dakika ngapi?

BARAKA: Kumi. Pengine kumi na tano.

ZUHURA: Hapo ndipo ninaposhikilia mimi. Ndani ya hizo dakika injini imepoa. Sensa ya krenki, kile kidude kinachosoma mzunguko wa injini, ikichakaa, joto likipanda inakata mawasiliano, kompyuta haijui tena injini inazunguka, inanyima cheche na mafuta. Ikipoa inarudi, kama haikuwa na ugonjwa. Hata usingeshuka ingewaka.

BARAKA: Na ile fyuuu?

ZUHURA: Tangi lolote la petroli juani linaweza kupumua ukilifungua.

BARAKA: Linapumua kutoka. Hii ilikuwa inavuta kuingia, dada. Tundu la hewa la mfuniko likiziba, pampu inanyonya mafuta na hakuna kinachojaza nafasi yake. Mwisho pampu inashindwa.

ZUHURA: Uliweka kiganja ukasikia inavuta?

BARAKA: Nilisikia kwa sikio.

ZUHURA: Sikio halijui upepo unaelekea wapi. Shika kipande cha karatasi nyepesi mdomoni mwa tangi unapolegeza mfuniko. Kikivutwa ndani, nitakusikiliza. Kikisukumwa nje, ni mvuke tu.

BARAKA: Sawa, hiyo nitaifanya. Lakini kuna jambo sijasema: kabla ya kuzima ilishtuka mara mbili, tatu. Ikasita, ikavuta, ikasita. Ndivyo gari linavyofanya likikosa mafuta. Sensa ikifa, injini inakata kama taa.

ZUHURA: Mara nyingi, si mara zote. Sensa inayoanza kuchoka nayo hukatakata. Mshale wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi ulifanyaje? Ulianguka hadi sifuri gari likiwa bado linabingirika na gia imo, au ulishuka pamoja na mwendo?

BARAKA: Sikuutazama. Macho yalikuwa kwenye lori na kwenye kioo.

ZUHURA: Na ulifanya vema. Ila huo mshale ndio ungetusaidia. Kwenye magari mengi ya umri huo unasoma ishara ya sensa hiyohiyo, kwa hiyo ukianguka wakati magurudumu bado yanaizungusha injini, umeshapata pa kuanzia.

BARAKA: Mashine ya kusoma hitilafu haikuonyesha kitu.

ZUHURA: Haimaanishi hakuna kitu. Ubovu wa kuja na kuondoka unaweza kupita bila kuandikwa.

BARAKA: Basi nikanunue sensa niibadilishe, tumalize.

ZUHURA: Hapana! Hapo ndipo nakasirika kweli. Ukibadilisha sensa, rilei, yaani swichi ya umeme ya pampu, na mfuniko siku moja, likipona hutajua kilicholiponya, na likizima tena na watoto ndani hutajua uanzie wapi. Likamate likiwa limezima. Dakika mbili za kwanza, kabla halijapoa: kuna cheche? Washa swichi, pampu inavuma zile sekunde mbili? Rilei ya pampu ina joto? Hapo ndipo ukweli ulipo.

BARAKA: Kando ya barabara, jua kali, magari yanapita? Mimi nabadilisha kwanza kinachoshukiwa zaidi. Usalama wa watoto siuweki chini ya uchunguzi.

ZUHURA: Na mimi usalama huohuo ndio unanifanya nikatae kubahatisha.

BARAKA: Halafu mfuniko hujaupa haki yake.

ZUHURA: Umerudi kwenye mfuniko!

BARAKA: Nitaurudia hadi utakaponionyesha karatasi inasukumwa nje. Likizima tena, nafungua mfuniko papo hapo, sekunde ya kwanza, napiga stata bila kusubiri. Likiwaka likiwa bado moto, utasemaje?

ZUHURA: Nitasema umefanya jaribio zuri. Lakini nami nataka la pili: likizima lenyewe, usiguse mfuniko, ukae dakika 15, kisha uwashe. Likiwaka, wewe utasemaje?

BARAKA: Nitasema hewa imejipenyeza polepole.

ZUHURA: Baraka!

BARAKA: Si inawezekana? Tundu limeziba nusu.

ZUHURA: Inawezekana. Lakini sikubali.

BARAKA: Nami sikubali sensa. Tumebakiwa na dakika moja, na waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, hatujaugusa, wala uvujaji wa hewa kwenye manifoldi, mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini.

ZUHURA: Wala swichi ya ufunguo, ambayo nilikuwa nimeiandalia nusu ya kipindi. Basi. Kesho unapita kunichukua saa ngapi?

BARAKA: Saa nane, jua likiwa kali. Watoto wanabaki. Tunapanda mlima uleule.

ZUHURA: Nakuja na kipima cheche. Nitakaa mbele, macho kwenye mshale.

BARAKA: Mimi nina karatasi mfukoni.