Hiyo Siyo Beisi Tu

Mwenyekiti, walimu wenzangu, vijana wa famasia, na akina dada wauguzi mliosukumwa viti vya nyuma, hamjambo. Nimepewa dakika 40. Wanaonijua wameshaanza kucheka kwa sababu wanajua nitakachosema. Ndiyo, ni kile kile. Nitakiacha siku mtakapoacha kuniambia, "Mwalimu, hiyo ni beisi tu," yaani ile jeli inayobeba dawa.

Vajinosisi ya bakteria, ule ugonjwa wa uke, sitaieleza. Laktobasila, bakteria wazuri wa uke, hupungua, Gardnerella na wenzake hujaa, pH hupanda kupita 4.5 (yaani asidi inapungua), shombo hutokea. Yote haya mlishafanyia mtihani. Mnajua pia kwamba mteja wenu hatafika dirishani na jina hilo. Atasema ana fangasi, mtampa dawa ya fangasi, na wiki ijayo atarudi akisema ana UTI sugu. Hilo nalo lina ugomvi wake. Leo tuna jeli.

Tuanze na hesabu. Vidonge vya metronidazoli, dawa ya kuua bakteria hawa, ni miligramu 500 mara mbili kwa siku, siku 7. Jumla miligramu 7,000. Jeli ya asilimia 0.75 ni gramu 5 mara moja kwa siku, siku 5. Kila dozi ina miligramu 37.5, na zote pamoja ni 187.5. Kupona kunakaribiana, na kilele cha dawa kwenye damu kwa njia ya jeli ni kama asilimia 2 tu ya kile kinacholetwa na kidonge cha 500. Mama anakwepa ladha ya chuma mdomoni na kichefuchefu kinachomfanya aache dozi siku ya tatu. Kwa hiyo sina ugomvi na jeli. Naipenda kuliko ninyi.

Sasa, kwa nini 0.75 na si 3? Kwa sababu maji ya kawaida huyeyusha kama miligramu 10 tu za metronidazoli kwa kila mililita. Ukipita hapo dawa itakuachia fuwele chini ya kopo. Basi kijana mwenye akili anataka jeli kali zaidi, ya siku moja. Anatia propilini glaikoli, dawa inayeyuka vizuri, anafurahi. Anaongeza gliserini ili jeli iwe laini na isikauke. Anafurahi zaidi. Nikimuuliza osmolaliti, yaani wingi wa chembe zilizoyeyuka zinazovuta maji, ni ngapi, ananitazama kana kwamba nimemuuliza umri wa bibi yake.

Damu yetu ina kama miliosmoli 290 kwa kilo. Ukitia gliserini gramu 20 katika kila gramu 100 za jeli, umeshapita 2,000 kwa gliserini peke yake. Seli za ukuta wa uke zikikutana na kitu hicho zinatoa maji, kama samaki aliyetiwa chumvi ili awe ng'onda. Zinasinyaa na kubambuka. Na kazi ya ukuta ule ni kuzuia vitu kupenya. Shirika la Afya Duniani, pamoja na UNFPA, shirika la idadi ya watu la Umoja wa Mataifa, na shirika la FHI 360, walitoa ushauri mwaka 2012: isizidi 1,200, na ikiwezekana isivuke 380. Najua mtasema ushauri ule ulihusu vilainishi vya kutumiwa na kondomu. Kwani vilainishi vinawekwa wapi, puani?

Mwingine atasema, "Mwalimu, akiumia si atasema?" Hasemi, kwa sababu mara nyingi hahisi. Kumbukeni nonoksinoli-9. Miaka ya tisini watu waliamini kwamba dawa hiyo ya kuua mbegu za kiume ingezuia na VVU, kwa sababu kwenye kioo cha maabara iliua virusi vizuri sana. Jeli yake ikajaribiwa kwa wanawake wanaouza ngono Benin, Côte d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand. Matokeo yalitangazwa Durban mwaka 2000: waliotumia jeli waliambukizwa zaidi kuliko waliotumia ya kulinganishia, na kwa waliotumia mara nyingi kwa siku hatari ilikaribia kuwa maradufu. Ile ni sabuni. Iliua virusi kwenye kioo, na ukeni ikachubua ukuta. Nakubali, pale kosa lilikuwa la dawa yenyewe. Lakini ukuta haujui kipi umekiandika "dawa" na kipi umekiandika "beisi".

Na msidhani wakubwa hawakosei. Jeli ya kwanza ya tenofovir, dawa ya kuzuia VVU, iliyopewa heshima zote, ilikuwa na gliserini ile ile gramu 20 katika 100, na osmolaliti yake ilipita 3,000. Ikabidi watengeneze nyingine yenye gliserini kidogo. Tenofovir nitairudia, msiniache niisahau.

Sasa karboma, unga wa kukazia jeli. Hapa ndipo ninapopandwa na presha. Unga wa karboma ukiumwaga kwenye maji kwa pupa unapata mabonge yenye ngozi laini nje na unga mkavu ndani, na hata ukoroge mpaka jioni hayavunjiki. Unaunyunyiza kidogo kidogo maji yakizunguka, unauacha ulale usiku kucha. Asubuhi una kitu chepesi cheupeupe chenye pH ya kama 3. Unadondosha sodiamu haidroksaidi ya kupunguza asidi, tone kwa tone. Kinaanza kung'aa, kinakaza. Unadondosha tena. Kinakaza zaidi. Na hapo shetani anaingia.

Kijana mmoja, hayupo hapa msimtafute, aliniletea kopo akaligeuza juu chini. Jeli haikudondoka. Safi kama kioo. Wenzake wakapiga makofi. Nikachovya karatasi ya pH, ikaonyesha karibu 7. Nikamuuliza: ungekuwa kliniki, ukagusisha karatasi hii ukeni mwa mgonjwa ukapata rangi hii, ungeandika nini kwenye faili? Akanyamaza. Angeandika ugonjwa! Laktobasila wanaishi kwenye asidi wanayoitengeneza wenyewe, pH 3.5 hadi 4.5. Wewe umemtengenezea Gardnerella nyumba, ukaweka na dawa ndani ili ujisikie vizuri.

Karboma hukaza jinsi pH inavyopanda, kwa hiyo jeli inayosimama vizuri zaidi mezani si ile inayomfaa mgonjwa. Jeli ya metronidazoli 0.75 iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992 imetumia karboma na imeachwa kwenye pH 4. Ni laini zaidi, na ndivyo inavyotakiwa. Ukitaka unene usiojali pH, tumia selulosi ya haidroksiethili. Ukitaka ufundi, kuna poloksama 407, ambayo ikiwa baridi hutiririka na ikipata joto la mwili hukaza, ila jiulize kwanza inakuwaje kwenye duka la dawa lisilo na feni mwezi wa pili, hapa Dar es Salaam.

Nimeulizwa na dada pale nyuma kabla hatujaanza: kama tatizo ni asidi kupungua, kwa nini asitumie ndimu, au jeli ya asidi ya laktiki tu? Ndimu hapana. Maji yake yana pH ya kama 2, yanaunguza. Asidi ya laktiki ni swali la haki, na Waingereza walilipima: wanawake wenye vajinosisi wakagawanywa kati ya jeli ya asidi ya laktiki na vidonge vya metronidazoli. Dalili ziliisha kwa asilimia 47 ya waliopewa jeli, na asilimia 70 ya waliopewa vidonge. Asidi peke yake haitoshi. Lakini hiyo siyo ruhusa ya kutengeneza dawa isiyo na asidi! Najua kuna anayeandika hivyo kwenye daftari sasa hivi.

Mwingine ataniletea ile jeli ya klindamaisini, dawa nyingine ya bakteria, ya dozi moja iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2021. Katika jaribio walipona asilimia 70.5, na waliopewa jeli isiyo na dawa walipona asilimia 35.9. "Umeona mwalimu, hata beisi inaponya!" Hapana. Umeona kwamba mwili wakati mwingine hujirekebisha wenyewe, na kwamba anayejaribu dawa bila kundi la kulinganishia atajisifia kazi asiyoifanya. Hiyo ndiyo mitaji ya wanaouza vidonge vya kubana uke mitandaoni.

Kupima ukali wa jeli hakuhitaji mashine ya mamilioni. Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, wanatumia koa. Ndiyo, koa wa bustanini. Anawekwa juu ya jeli, na ikimchoma anatoa ute mwingi. Ute unapimwa kwenye mizani. Mnacheka, lakini koa anawashinda panya katika jambo hili. Karibu mamalia wote hawana uke unaotawaliwa na laktobasila kama wa binadamu, kwa hiyo panya wa maabara hawezi kukuambia kama umeua bakteria wazuri. Koa naye hawezi, lakini hajifanyi anaweza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Tenofovir basi, haraka. Jaribio la CAPRISA 004 kule KwaZulu-Natal, jeli ilipunguza maambukizi ya VVU kwa asilimia 39, dunia ikashangilia mwaka 2010. Baadaye, mwaka 2017, watafiti wakarudi kwenye sampuli wakagawanya wanawake kwa bakteria zao. Waliotawaliwa na laktobasila, kinga ilikuwa asilimia 61. Wengine, 18. Gardnerella walikuwa wanaila dawa! Wanaivunja kabla haijaingia kwenye seli. Hii ningependa kuikalia saa nzima.

Ugonjwa kurudi: zaidi ya nusu hurudiwa ndani ya miezi 12. Gardnerella hujijengea utando ukutani na metronidazoli haiung'oi wote. Jeli mara mbili kwa wiki kwa wiki 16 husaidia, lakini ukiacha, nao wanarudi. Nairobi na Mombasa, pamoja na Birmingham ya Alabama, walijaribu dawa ya kuweka ukeni ya metronidazoli na mikonazoli (ya fangasi) usiku 5 kila mwezi. Vajinosisi ilionekana katika asilimia 21 ya mahudhurio badala ya 33. Kurudisha Lactobacillus crispatus, aina ya laktobasila, baada ya jeli: kurudiwa asilimia 30 badala ya 45, kufikia wiki ya 12. Na waume! Australia, mwaka 2025: mwanaume alipopewa vidonge vya metronidazoli na krimu ya klindamaisini ya kupaka uumeni kwa siku 7, mwenzake alirudiwa asilimia 35, asipopewa, 63. Kwa hiyo krimu yenu inayofuata huenda ni ya wanaume, na mtengenezaji ajiandae kuwashawishi.

Bado kifaa cha kuingizia. Vitano vya plastiki kwa matibabu ya siku 5 ya jeli, na mama anaishi nyumba ya wapangaji sita wenye choo kimoja cha shimo. Avitupe wapi asionekane? Hilo halimo kwenye silabasi yenu wala kwenye slaidi zangu, na muda umekwisha. Mlio kwenye mradi wa mwaka wa nne, Alhamisi nataka makopo yenu maabara saa mbili asubuhi, kila moja likiwa na pH na osmolaliti zimeandikwa kwenye lebo. Lisilo na lebo nitalimwaga bila kulifungua.