Barua Kati ya Meli na Mchanga

Ndugu wasikilizaji, nimelisema jambo hili katika kumbi nyingi, na nitaendelea kulisema mpaka litiwe vitabuni: historia ya posta ya pwani za mbali imeandikwa kama historia ya meli, ilhali kazi ngumu ilianzia pale meli iliposhindwa kusogea karibu na nchi kavu.

Chukueni kisiwa cha St Kilda, magharibi mwa Uskoti. Mnamo Januari 1877 mwandishi wa habari John Sands alikuwa amekwama huko, nao mabaharia tisa wa meli ya Austria iliyovunjika wakaongezeka juu ya chakula kichache cha wenyeji. Sands alifunga ujumbe kwenye boya la meli hiyo, akalitupa baharini; baada ya siku tisa likaokotwa Birsay, visiwani Orkney, na msaada ukaja. Tangu hapo wenyeji wakaifanya njia hiyo kuwa yao. Walichonga ubao mfano wa mashua, wakatia ndani yake barua iliyofungwa katika chupa ndogo au kopo, wakaufungia kibofu cha ngozi ya kondoo ili uelee, kisha wakangoja upepo wa kaskazini-magharibi ndipo wakauachilia.

Atatokea mtu aseme kwamba hiyo ilikuwa bahati nasibu, si posta. Sikubaliani naye hata kidogo. Takriban theluthi mbili ya barua hizo ziliokotwa, nyingine zikiwa zimefika hadi Norwe, kwa sababu waliozituma waliujua upepo na mkondo. Na kila aliyeinama ufukweni akaokota kijiti kile, akaichukua barua ya watu asiowajua na kuipeleka posta, alikuwa tarishi kamili, ingawa hakuna daftari lililomwandika.

Meli siidharau. Mwaka 1893 meli ya mvuke Vesteraalen ilipoanza safari za Trondheim hadi Hammerfest, huko Norwe, barua iliyoweza kuchukua miezi mitano wakati wa baridi ilifika kwa wiki moja. Muda wangu unakwisha, kwa hiyo roketi ya barua iliyolipuka kisiwani Scarp, huko Uskoti, mwaka 1934 naipita. Lakini Niuafo'ou, huko Tonga, siwezi kuiacha: kisiwa hicho hakina bandari, hivyo meli ilisimama mbali, na waogeleaji wakaingia mawimbini kuzifuata barua zilizotiwa ndani ya makopo yaliyozibwa, mpaka mwaka 1931 papa alipomuua mmoja wao, ndipo kazi ikahamia kwenye mitumbwi.